Chaki kwenye Mlango wa Farasi

Ulikuwa ule mwaka unga ulipotuponyoka mikononi, tukala nduma na viazi vitamu mpaka midomo ikachoka. Asubuhi nduma na chai ya rangi. Mchana viazi vitamu. Jioni ukisikia harufu ya ugali kwa jirani, ulijua ana mgeni mkubwa au ana maringo. Mtu akisema amekula chapati siku ya kawaida, hapa Uthiru tulimtazama kama mwongo.

Nimeanza na chakula kwa sababu siku ninayoikumbuka ilitokana na kula. Mvua ilipokataa, nyasi nazo zilikataa. Tulikuwa tumezoea kuletewa nyasi laini za kijani, ukizinusa unasikia njaa wewe mwenyewe. Mwaka ule tuliletewa vijiti. Nyasi kavu, ngumu, shina kama njiti ya kiberiti. Tukawapa farasi. Wakatutazama, kisha wakala. Wangefanya nini? Hata sisi tulikuwa tunakula tulichopata.

Mimi ni saisi. Saisi ni mtu wa farasi: kumlisha, kumpiga brashi, kumzolea mavi, kumjua. Watu wakisikia hivyo huangalia gauni langu na kitambaa changu cha kichwa, halafu wanatafuta mwanamume nyuma yangu. Hayuko. Niliingia zizini kufagia, nikaona wanaume wanavyowashika farasi kwa nguvu na farasi wanavyowashika wao kwa meno, nikasema mimi naweza kuliko hawa. Shule niliachia darasa la tatu. Farasi nimewasomea kwa pua na kwa viganja.

Zizi letu liko upande wa Ngong Road, ukishaipita Woodley, nyuma ya ukuta mrefu ambao watu hudhani unaficha kiwanda. Tulikuwa na farasi saba. Binadamu tulikuwa watatu: mimi, saisi mwenzangu, Mkamba wa Machakos ambaye mdomo wake haujui kufungwa, na mama mwenye farasi. Huyo mama ana umri wa binti yangu wa kwanza. Anaishi Kileleshwa, ghorofa ya nne, na aliacha kazi ya ofisi yenye kiti cha kuzunguka ili aje kukanyaga tope pamoja nasi. Anawapenda wale wanyama kiasi cha kuharibu kazi. Farasi akiumwa na inzi, yeye ndiye anayelia.

Kati ya wale saba kulikuwa na mmoja mweupe, amezeeka mpaka kope zimekuwa za kijivu. Tulimwita mzee. Ujana wake aliumalizia katikati ya mji, bustanini, akibeba watoto wa kupigwa picha siku za Jumapili. Nilimpokea mwenyewe alipoletwa kwetu, mbavu nje, kwato zimepasuka. Tabia moja hakuiacha kule mjini. Ukimwinulia simu, hata kama unatafuta mtandao tu, anasimama wima, anainua shingo, anasimamisha masikio, anangoja. Anajua hiyo ni picha. Ukishusha simu, anarudi kuwa mzee. Tulimcheka sana kwa hilo. Sikujua siku moja litataka kumuua.

Mjukuu wangu alimpanda huyo huyo. Nilimlea mimi, chumba kimoja hapa Uthiru, na siku za likizo nilikuja naye zizini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Alifanyia hesabu zake juu ya magunia ya chakula huku mzee akimpumulia kisogoni. Leo mjukuu wangu ni daktari wa wanyama. Nasema tena ili hata aliye nyuma asikie: daktari wa wanyama. Mtoto wa binti wa mtu aliyeishia darasa la tatu.

Asubuhi hiyo nilifika saa moja. Kabla sijavaa gamubuti, nilisikia kwato zikikwangua sakafu. Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru, kwaru. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, chakula cha jana kimebaki nusu, anageuza kichwa kuliangalia tumbo lake kama mtu aliyeitwa na mtu aliye nyuma. Alikuwa amekunja mdomo wa juu, meno nje. Chini kulikuwa na mavi matatu tu, madogo na makavu. Nilivunja moja kwa vidole, likavunjika kama udongo. Mtu wa adabu atasema kinyesi. Mimi nimeyazoa zaidi ya miaka ishirini, nina haki ya kuyaita jina lake.

Nikaegemeza sikio kwenye ubavu wake. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kama gari linalopanda mlima mbali. La mzee upande wa kushoto lilikuwa kimya. Nikangoja, nikasikia tone moja, kama maji yakianguka kisimani. Basi.

Kuna kitu wengi hawajui. Farasi hawezi kutapika. Ng'ombe anarudisha, mbwa anarudisha, mtoto anakurudishia begani ukiwa umevaa nguo ya kanisani. Farasi akimeza amemeza. Njia ni moja, kwenda mbele. Zile nyasi za vijiti zikijifunga katikati, hana mlango mwingine. Ndiyo maana tumbo la farasi halichezewi.

Mama mwenye farasi alikuwa ameshafika, saisi mwenzangu alimpigia simu alfajiri. Akampigia daktari wetu wa siku zote, kumbe yuko Nanyuki kwenye shamba la watu. Daktari akasema mchome ile dawa ya maumivu iliyo kabatini, dozi moja kwa uzito wake, kisha muondoe chakula, mumwangalie, atapiga tena baadaye. Mama huyo alikuwa amefundishwa kuchoma kwenye mshipa wa shingo, na mkono wake ni mzuri, sitamnyima hilo. Nilimshika mzee kichwa, nikambonyeza paji la uso kwa paji langu, dawa ikaingia.

Nikatoa chaki mfukoni, nikachora mstari mmoja kwenye mlango wake.

Hiyo chaki ni mambo yangu. Kuandika naandika, lakini polepole, na farasi mgonjwa hangoji mtu atafute herufi. Kwa hiyo mstari ni sindano. Duara ni mavi. Nukta ni maji aliyokunywa. Mtu yeyote akija, hata aliyelewa, anaangalia mlango anajua mambo yamefika wapi. Mwanzoni walinicheka. Saisi mwenzangu alisema naloga farasi. Baadaye nikamwona na yeye ana chaki mfukoni, nikamwacha tu.

Baada ya nusu saa mzee aliacha kukwangua. Kichwa kikashuka, jicho likalegea. Mama mwenye farasi, ambaye huniita Shosho, yaani nyanya, kama anavyoniita mjukuu wangu, akapumua kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Afadhali, Shosho. Ametulia."

"Hilo neno hapa hatulitumii."

"Lipi?"

"Hilo."

Akanitazama. Saisi mwenzangu akamwambia, "Mama, huyu alipiga hilo neno marufuku. Sema amesimama. Sema amelala. Hata sema anakuangalia vibaya. Lakini hilo usiseme, utafukuzwa kwenye zizi lako mwenyewe."

Alikuwa anatania, lakini ni kweli. Miaka ya nyuma, kabla ya huyu mama kununua hili zizi, tulikuwa na jike mmoja wa kahawia. Aliumwa tumbo hivi hivi, akachomwa, nikabaki naye peke yangu. Daktari wa wakati huo akapiga simu kuuliza anaendeleaje. Nikamwambia, "Ametulia." Nilimaanisha amesimama tu. Yeye akasikia amepona. Akapinda gari akaenda kwa wagonjwa wengine, na mimi nikaona ni mapumziko, nikaenda kuchemsha chai. Kumbe tumbo lilikuwa limejisokota, na lilikuwa linaendelea kufa huku dawa imeliziba mdomo. Dawa ilipoisha, hapakuwa na mtu wa kulifungua tena. Alianguka akiniangalia. Sitaeleza zaidi. Neno langu moja lilimrudisha daktari nyuma, na nimelibeba mpaka leo.

Msinielewe vibaya. Mimi sikatai dawa ya maumivu. Ile dawa ni rehema. Ukishaona mnyama wa kilo mia nne akijitupa chini kama nguo iliyolowa, akijigonga kichwa ukutani, utaipigia magoti chupa. Lakini ile dawa inanyamazisha tu. Haifungui njia, na tumbo likiwa limejisokota haiwezi kulisokotoa. Maumivu ndiyo mdomo wa farasi, hana mwingine wa kumwambia daktari. Unaweza kumfunga mdomo kidogo, apumzike. Usimfunge mara ya pili kabla hajasikilizwa.

Ile dozi ilitakiwa kumshika mpaka jioni. Saa nne ilikuwa imeachia.

Mzee alianza kwa kulaza masikio. Kisha jasho, shingoni na nyuma ya viwiko, na kulikuwa na baridi. Kisha akakunja magoti kutaka kulala, akasita, akainuka, akakunja tena. Kwaru, kwaru. Mama mwenye farasi akaenda mbio kabatini, akarudi na chupa.

"Tumpe ingine."

"Ngoja kwanza."

"Shosho, si unaona vile anaumia?"

"Naona. Ndiyo maana nasema ngoja. Dawa ya kufika jioni imekatika saa nne. Hilo peke yake ni habari. Mpe daktari hiyo habari."

Akajaribu. Simu ya daktari ilikuwa inakatika katika kama kawaida ya huko mashambani, kwa hiyo akaamua amtumie video. Akainua simu.

Na mzee, jasho likimtoka, tumbo likimkata, akaona simu imeinuliwa. Akasimama wima. Akainua shingo. Akasimamisha masikio yote mawili, akaangalia kwenye simu kama anayesubiri mtoto apandishwe mgongoni. Sekunde ishirini nzima. Simu iliposhuka, magoti yakamlegea.

Saisi mwenzangu akasema kwa sauti ndogo, "Huyu mzee atakufa akiwa kwenye picha."

Jibu la daktari likaja baada ya dakika chache. Mama akanisomea: anaonekana mzuri, yuko macho, kama anasumbuka kidogo mnaweza kurudia dozi. Sikumlaumu daktari. Aliona alichoonyeshwa. Aliona farasi wa bustanini.

"Umesikia?" mama akasema. "Daktari amesema. Nishikie kichwa."

Hapo nikachukua ile chupa mkononi mwake, polepole, kama mtu anavyomchukulia mtoto kisu, nikaitia kifuani, ndani ya nguo, mahali ambapo hapana mtu wa kunipapasa.

"Hapana," nikamwambia. "Hadungwi tena mpaka aguswe."

Macho yakamjaa machozi. "Huyu farasi ni wangu, Shosho."

"Ni wako."

"Na wewe umeajiriwa hapa."

"Nimeajiriwa. Nifukuze jioni. Sasa hivi niitie mtu wa kumgusa, au mimi nimwite."

Nawaambia ukweli, kukataa kule hakukuwa ugumu wa moyo. Mzee alikuwa ameleta kichwa chake begani kwangu, uzito wote, ananipumulia shingoni pumzi fupi fupi. Aliniomba. Farasi anajua mkono uliomshika alipopata nafuu asubuhi. Na dawa yenyewe ilikuwa hapo hapo, inchi mbili kutoka puani mwake, inapata joto la mwili wangu. Nikaendelea kuifuta ile shingo jasho. Nilikuwa namwita guka, yaani babu kwa Kikuyu, namwambia pole guka, pole guka, ngoja kidogo, kama ninavyomwambia mtoto aliyeungua.

Nikampigia mjukuu wangu. Alikuwa kazini, kliniki ya huku huku Uthiru, ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza wa kujitegemea.

"Shosho, sema."

"Ni mzee. Tumbo. Amedungwa moja saa moja na nusu asubuhi, imeachia saa nne. Jasho liko. Ubavu wa kushoto kimya. Mavi matatu makavu usiku mzima."

Hakuniuliza kama nina uhakika. Aliuliza, "Ufizi?"

Nikainua mdomo wa mzee, nikabonyeza ufizi kwa kidole gumba, nikaachilia, nikahesabu. "Waridi, imefifia kidogo. Damu inarudi kwa sekunde mbili. Tatu kasoro."

"Sawa. Usiwache wamdunge ingine. Nakuja."

"Nimeshakataa."

"Najua umeshakataa," akasema, na nikasikia anacheka huku anafungua droo.

Alikuja kwa bodaboda, kwa sababu Waiyaki Way ilikuwa imesimama. Mlangoni nilimwona ameuvaa ule mpira mrefu wa kupitisha puani shingoni mara nne, kama shada la maua la bwana arusi, na begi kubwa mbele. Mwenye boda alikuwa amemuuliza njiani kama yeye ni fundi wa mifereji. Akamjibu ndiyo.

Mama mwenye farasi alipomwona aliniangalia mimi. Najua alichokuwa anafikiri, kwamba huyu ni mtoto. Mwili mdogo, viatu vya turubai, nywele amezifunga na raba ya pesa. Nilifungua mlango nikamwacha aingie.

Kwanza hakufanya lolote. Alisoma mlango. Mstari mmoja, nukta mbili, duara hakuna. Kisha akaweka kiganja mgongoni kwa mzee, akakiburuta taratibu mpaka tumboni. Mzee akageuka kumnusa, akakumbuka, akashusha masikio. Akasikiliza moyo kwa kile kifaa cha masikioni, akihesabu midomo ikicheza. Akasikiliza tumbo, juu na chini, kushoto na kulia, kila mahali muda mrefu mpaka mama wa watu akaanza kuzunguka.

"Moyo hamsini na sita," akaniambia mimi. "Ningeupata sabini na kitu, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

"Na angekuwa amedungwa ya pili?" mama akauliza.

"Ningepata moyo wa dawa, si wake. Ningekuwa nakisia."

Hakumtazama vibaya. Mimi ndiye niliyemfundisha asimtazame mtu vibaya akiwa ameshinda.

Kisha akachukua sindano yake mwenyewe, ya dawa fupi, inayomlegeza farasi na kumpunguzia maumivu kwa muda kidogo tu. Sasa nilimshika kichwa bila kusita, maana alikuwa ameguswa. Nikachora mstari wa pili, mfupi, kuonyesha ni dawa fupi. Akavaa glavu inayofika begani, akaipaka mafuta, akaingiza mkono kule nyuma. Saisi mwenzangu akageuka akaangalia ukuta. "Mimi nimeokoka," akasema, "vitu vingine siangalii."

Mjukuu wangu alikuwa amefumba macho. Uso wake nilioujua tangu una siku moja ulikuwa umeegemea kwenye tako la farasi, na alikuwa anasikiliza kwa vidole.

"Nyasi iko hapa, imeziba," akasema. "Kushoto, kwenye kona. Imejipanga kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Lakini hakuna kilichojisokota. Shosho, hakuna kilichojisokota."

Niliketi kwenye ndoo.

Akapitisha ule mpira puani, polepole, akimwambia mzee meza, meza babu. Akahakikisha umeingia tumboni si mapafuni, akatoa gesi, tukasikia harufu ya nyasi chachu. Akamimina maji ya vuguvugu yenye chumvi, ndoo baada ya ndoo, kwa mrija. Mimi nilishikilia mrija juu mpaka mkono ukafa ganzi. Mama mwenye farasi alileta maji mbio bila viatu, akiwa ameloa mpaka magotini, na tangu hapo hakuna aliyemwita mjukuu wangu mtoto.

Saa nane mjukuu wangu alilazimika kurudi kliniki, mbwa wawili walikuwa wanamngoja mezani. Akasema mzee asipewe hata jani moja, atembezwe kidogo akitaka, na akisumbuka tumpigie simu. Ile chupa kubwa ya kabatini nilimkabidhi yeye aondoke nayo. Akaniachia sindano moja ya dawa fupi, ameshaivuta, amefunika ncha. Ikakaa kifuani.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilimtembeza mzee kwa mwendo wangu wa goti bovu na wake wa tumbo bovu, ukuta hadi ukuta. Tukisimama, anasimama. Nikikohoa, anasikiliza. Mama alikuja nyuma yetu, baadaye akashika upande wa pili wa kamba.

"Nilikuambia umeajiriwa," akasema.

"Nimeajiriwa. Hukudanganya."

"Shosho."

"Shika kamba vizuri, unamvuta."

Saa kumi na moja na kitu, jua limeanza kuwa la rangi ya chai, mzee alisimama ghafla karibu na bomba. Akanyanyua mkia. Mimi na yule mama na yule Mkamba tulisimama kama watu wanaoimbiwa wimbo wa taifa. Kwanza ukaja upepo, mrefu, wa aibu. Kisha yakaja. Magumu mwanzoni, yamefunikwa utando mweupe, halafu laini, halafu mengi yenye maji na harufu ambayo siku nyingine ningeitukana. Saisi mwenzangu akavua kofia. Mama akayapiga picha, na mzee alipoona simu akainua shingo.

Nilienda mlangoni nikachora duara kubwa kuliko yote niliyowahi kuchora. Mjukuu wangu aliingia getini nikiwa bado nimeshika chaki. Alisoma mlango kabla ya kunisalimia. Kisha akamgusa mzee, akahesabu moyo: arubaini na nne. Akaegemeza sikio ubavuni, akaniita kwa mkono. Tukaegemea wote wawili, yeye upande wa bega, mimi upande wa kiuno, na ndani mle gari lilikuwa linapanda mlima tena.

Mzee yuko hai mpaka leo ninapoandika haya. Hapandwi tena, anasimama tu kwenye jua akingoja kupigwa picha. Sasa nyasi zake tunazilowesha kwanza.

Lakini kuna sehemu moja mjukuu wangu huwasimulia wenzake vibaya, na nimeandika hasa ili niiweke sawa. Mlijiuliza kwa nini alirudi saa kumi na moja, na tulikuwa hatujamwambia habari ya mavi. Alirudi kwa sababu ya simu ya saa kumi. Saa hiyo mzee alianza tena kukwangua, mara mbili tatu, akaliangalia tumbo. Nikampigia simu kama tulivyoagana. Alikuwa amechoka, mbwa bado yuko mezani, barabara imefunga. Akaniambia, "Shosho, ile sindano niliyokuachia, mpatie tu. Mkono wako nauamini kuliko wa mtu yeyote."

Yeye husimulia kwamba nilimbembeleza arudi. Sikumbembeleza. Maneno yale yalinishuka matamu kama asali, sitaficha. Daktari anauamini mkono wangu, na daktari huyo nilimfungia kamba za viatu. Nilikuwa na sindano tayari, joto, kifuani. Mzee alikuwa ananiangalia. Nilikumbuka yule jike wa kahawia, na daktari aliyeamini neno langu akapinda gari. Nikamjibu mjukuu wangu yale yale niliyomjibu mwenye farasi, sikuongeza wala sikupunguza:

"Hapana. Hadungwi tena mpaka aguswe."